Kadi ninayo mkononi, pesa zimetolewa: jibu kwa mwalimu wa Morogoro

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Wiki tano zilizopita, usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, zilitolewa shilingi 1,600,000 kwenye akaunti yangu ya mshahara. Mimi nilikuwa nimelala nyumbani na kadi imo kwenye pochi. Asubuhi nikakuta meseji nne: laki nne saa 5:47 usiku, laki nne saa 5:50, laki nne saa 6:02, laki nne saa 6:05, zote kwenye ATM moja Tegeta, Dar es Salaam. Nilidhani ni meseji za matapeli, nikaenda kwanza ATM ya Msamvu saa 12:20 asubuhi kuangalia salio. Limebaki 38,000. Nikapiga simu benki, wakaifunga kadi, wakasema nifike tawini Jumatatu. Nilijaza fomu, na tangu hapo kila nikienda naambiwa nisubiri. Juzi dada wa dirishani kaniambia kwamba kwa kuwa namba ya siri ilitumika, mfumo unaonyesha ni mimi. Sasa limeongezeka la pili: watu wananipigia wakidai nina mkopo wa simu wa 185,000. Sijawahi kukopa huko. Mwenzangu kanifundisha kupiga *106#, nikakuta laini mbili zimesajiliwa kwa NIDA yangu, sizijui kabisa. Je, pesa yangu itarudi? Na huyu anayetumia jina langu nimzuieje? Mume wangu anashauri tulipe hiyo 185,000 ili yaishe.

JIBU: Marahaba, Mwalimu, na pole sana. Nianze na la mumeo kwa sababu ndilo la haraka: msilipe. Najua anavyoona, 185,000 ni ndogo ukilinganisha na kelele za simu mchana kutwa. Lakini siku mtakayolipa mtakuwa mmekiri kwamba deni lilikuwa lenu. Kwenye kumbukumbu za mkopeshaji jina lako litaandikwa kuwa ni la mteja aliyekopa na kulipa vizuri, na mteja wa namba hiyo huongezewa kiwango. Aliyekopa kwa jina lako atarudi kuchukua laki tatu. Nimeona familia ikilipa mara mbili kabla ya kuja kuuliza.

La pili, haya ni mambo mawili na yanahitaji barua mbili. Wa Tegeta na wa laini sioni dalili kwamba ni mtu mmoja. Wa Tegeta alihitaji taarifa za kadi yako na namba ya siri. Jina lako halikumhusu. Wa laini alihitaji kidole chako na namba ya NIDA, na kadi ya benki huenda hajawahi kuiona. Ukiyachanganya tawini, afisa atasema taarifa zako zilivuja mtandaoni, na pesa ya ATM itamezwa na hadithi ya mkopo. Benki ijibu la ATM, na mkopeshaji ajibu la mkopo.

Sasa nisome nawe hizo meseji nne, maana zinasema mengi kuliko dada wa dirishani.

Angalia saa. Mbili kabla ya saa sita usiku, mbili baada yake. Benki nyingi huweka kikomo cha pesa unazoweza kutoa kwa siku, na siku ya mfumo hugeuka saa sita usiku. Anayesubiri hadi 5:47, akachukua mara mbili, akangoja dakika kumi na mbili, akaanza tena saa 6:02, ni mtu anayetaka vikomo viwili kwa safari moja. Hiyo ni kazi yake. Ndugu au kijana wa nyumbani anayeiba kadi ya dada yake hutoa mara moja, mashine ya karibu, kisha huirudisha kwenye pochi. Nimekaa miaka mingi kwenye kitengo cha kadi na saa hizi nimeziona mara nyingi, hasa wiki ambayo mishahara imeingia. Kwa hiyo kabla hujaanza kumwangalia mtu wa nyumbani kwako kwa jicho la wasiwasi, na najua wazo hilo limeshakupitia, liweke kando.

Aliwezaje bila kadi? Geuza kadi yako. Nyuma kuna ukanda mweusi, mbele kuna kijipande cha dhahabu, yaani chipu. Ukanda wa sumaku ni teknolojia ya miaka ya 1960, na kilichoandikwa humo hakibadiliki: aliyeusoma mara moja ameupata wote, na anaweza kuuandika upya kwenye kadi yoyote nyeupe. Chipu haifanyi hivyo. Kila ikitumika hutengeneza namba mpya ya uthibitisho kwa muamala ule mmoja tu. Ukiidaka hiyo namba, kesho haikufai kitu. Ndiyo maana wezi huifuata njia ya ukanda, na ndiyo maana mwaka 2021 Mastercard ilitangaza kuuondoa polepole hadi usiwepo tena kwenye kadi zake ifikapo 2033. Mpaka hapo, zipo mashine ambazo chipu ikishindwa kusomeka hukubali kusoma ukanda.

Kifaa cha kunakili hakitishi kwa macho. Nimewahi kushika kimoja kilichobanduliwa kwenye ATM: mdomo wa plastiki wa rangi ileile ya mashine, unaoingia juu ya mdomo halisi kama kofia, ndani kikiwa na kichwa kidogo cha kusoma sumaku na betri bapa kama ya simu. Juu ya vitufe kulikuwa na kipande kingine cha plastiki chenye tundu dogo kama la sindano. Hapo ndipo kamera ilipokuwa, ikiangalia vidole. Kadi yako inapita, inasomwa, mashine inakupa pesa kama kawaida, unaondoka na risiti yako. Miezi miwili baadaye unapata meseji usiku. Kwa hiyo kauli kwamba "namba ya siri ilitumika" ni kweli, ila haithibitishi chochote kuhusu aliyekuwa amesimama Tegeta. Mfumo hauoni mtu. Huona data za kadi na tarakimu nne.

Hapa ndipo safari yako ya Msamvu ilipokusaidia kuliko unavyojua. Chipu ina hesabu yake ya ndani: kila ikitumika, inaongeza moja, na hesabu hiyo husafiri pamoja na muamala hadi benki. Muamala wa ukanda haugusi hesabu hiyo. Tuseme mara ya mwisho kutumia kadi kabla ya usiku ule hesabu ilikuwa 211, na asubuhi Msamvu ikasomeka 212. Basi chipu yako haikufanya kazi yoyote kati ya hapo, na miamala minne ya Tegeta ilitoka kwenye kadi nyingine. Taarifa hiyo iko kwenye kumbukumbu za benki. Dada wa dirishani haioni kwenye kompyuta yake. Kitengo cha kadi makao makuu wanaiona, lakini hawataitafuta kama hakuna aliyeiuliza.

Kwa hiyo uulize, kwa maandishi. Andika barua kwa meneja wa tawi, nakala kwa kitengo cha malalamiko makao makuu. Iwe fupi, isizidi ukurasa. Mimi ningeiandika hivi:

"Napinga miamala minne ya kutoa fedha kwa ATM, tarehe fulani na fulani, jumla shilingi 1,600,000. Sikuifanya, sikumruhusu mtu yeyote kuifanya, na kadi haikutoka mikononi mwangu. Niliitumia kadi hiyo hiyo Msamvu, Morogoro, saa 12:20 asubuhi iliyofuata. Nilitoa taarifa kwa simu asubuhi hiyo, na nikajaza fomu tawini Jumatatu. Naomba nijibiwe kwa maandishi: kila muamala ulisomwa kwa chipu au kwa ukanda wa sumaku? Hesabu ya chipu ilikuwa ngapi kwenye muamala wangu wa mwisho kabla ya usiku huo, na ngapi asubuhi yake? Mashine ya Tegeta ni ya benki gani na namba yake ni ipi? Je, picha za kamera za saa hizo zimehifadhiwa? Naomba pia namba ya kumbukumbu ya lalamiko langu na tarehe ambayo nitapata jibu."

Peleka nakala mbili. Moja waibakize, ya pili waigonge muhuri wa kupokea, waweke tarehe, na aliyepokea asaini. Akikuambia muhuri hauko karibu, kaa kwenye kiti usubiri. Nasema hivi kwa moyo wote, Mwalimu, kwa sababu hapa ndipo nilipoona watu wengi wakipoteza haki yao. Wana malalamiko ya kweli, wamekwenda tawini mara tisa, na hawana karatasi moja inayoonyesha kwamba waliwahi kufika. Uvumilivu wako wa wiki tano hauko kwenye faili. Muhuri utakuwepo. Hata ile simu ya Jumamosi asubuhi, ingia kwenye orodha ya simu ulizopiga, piga skrinshoti yenye saa na dakika ulizozungumza, na uiambatishe. Dakika uliyotoa taarifa ndiyo mpaka: pesa ikitoka baada ya hapo, lawama ni ya benki waziwazi.

Ambatisha pia orodha ya mahali ulipotumia kadi miezi mitatu ya nyuma: ATM zipi, vituo vya mafuta, maduka, mawakala. Omba taarifa ya akaunti na uipigie mstari. Jambo hili linaonekana dogo lakini ndilo linalokamata wezi. Mwaka mmoja tulikuwa na walalamikaji kumi na mmoja wa mikoa tofauti. Tukazipanga taarifa zao za akaunti kwenye meza ndefu, na kila mahali kadi ilipochanjwa tukapapaka rangi. Ilipofika jioni, mashine moja ya kituo cha mafuta barabarani ilikuwa imeonekana kwenye karatasi zote kumi na moja. Kabla ya hapo kila mmoja wao alikuwa ameambiwa kwamba ni yeye aliyempa mtu namba ya siri.

Polisi hukuwataja, kwa hiyo nadhani bado hujaenda. Nenda kesho, ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Ni bure. Lakini sikiliza vizuri hapa. Kaunta wanaposikia neno "kadi" huwa wepesi kukuelekeza kwenye ripoti ya upotevu, ile ya vitu vilivyopotea, kwa sababu ndiyo wanayoitoa kila siku. Usiikubali. Kadi yako haijapotea. Ukiwa na karatasi ya polisi inayosema "amepoteza kadi", benki itaisoma kwamba kadi iliokotwa pamoja na namba ya siri iliyoandikwa nyuma, na mlango utafungwa kwa karatasi yako mwenyewe. Sema: naripoti wizi wa fedha kwa kadi iliyonakiliwa, kadi yangu halisi ninayo. Ukiandika maelezo, yasome kabla ya kusaini. Omba jalada lifike kitengo cha makosa ya mtandao, kisha upeleke namba ya RB benki ikaunganishwe na lalamiko.

Kadi yenyewe, kama bado unayo, usiikate. Ukiirudisha benki, andika kwenye barua kwamba umeirudisha ikiwa nzima, tarehe fulani, kwa fulani.

Umeuliza kama pesa itarudi. Sitakudanganya. Ikionekana miamala ilisomwa kwa ukanda, una kesi nzuri sana. Kwa kanuni za mitandao ya kadi, mashine isiyosoma chipu inapokubali ukanda wa kadi yenye chipu, hasara mara nyingi huangukia upande wa mwenye mashine. Benki yako inaweza kuidai benki ile, na dirisha la kudai kwenye Visa na Mastercard kwa kawaida ni siku 120. Umeshatumia kama 35. Ndiyo sababu nakuhimiza barua iingie wiki hii, kwa sababu wakati wewe unasubiri, siku hizo zinahesabika. Kama ATM ni ya benki yako yenyewe, hakuna wa kudaiwa nje, ni kati yako na wao, na picha za kamera ndizo zitakazozungumza. Hizo nazo hazitunzwi milele. Mashine huandika mpya juu ya za zamani. Zikiombwa kwa barua na wakaziacha zifutike, hilo nalo ni la kulalamikia.

Ikionekana zilisomwa kwa chipu, na hesabu inafuatana, basi kadi yako halisi ilikuwa Tegeta usiku ule, na itabidi tuzungumze upya, kwa utulivu, kuhusu nani aliweza kuifikia pochi. Kwa saa ulizoniandikia sidhani tutafika huko.

Benki ikikataa bila kujibu maswali yako, au ikikaa kimya kupita tarehe iliyojiandikia, unakwenda Benki Kuu ya Tanzania (BoT). Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinaitaka kila benki iwe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko, na BoT inayo sehemu ya kuyapokea yaliyoshindikana. Hawatakusikiliza kama hujaanzia kwenye benki yako, na uthibitisho kwamba ulianzia huko ni ile nakala yenye muhuri. Kutoka Morogoro ofisi zao za Dodoma na Dar es Salaam zote zinafikika, lakini hata barua inatosha.

Tuje kwenye jina lako.

Nadhani najua laini zile mbili zilivyopatikana, na huenda na wewe ukikumbuka utaiona siku yenyewe. Tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, kwa kawaida raia hasajili laini Tanzania bila kidole kulinganishwa na kumbukumbu za NIDA. Mwizi hana kidole chako. Kwa hiyo alikiazima kwako bila wewe kujua. Ulikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, labda ulikwenda kurudisha laini iliyopotea. Kijana akakuomba namba ya NIDA, akakupa kile kifaa chekundu cha kidole. Ukaweka. Akakiangalia, akatikisa kichwa: "Mtandao unasumbua, hebu weka tena." Ukaweka. "Jaribu kidole kingine." Ukaweka. Laini yako ilikubali mara ya kwanza. Ya pili na ya tatu zilikuwa za kwake, naye huziuza kwa watu wanaotuma meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii", au kwa wanaokopa kwa majina ya wengine. Mawakala wengi ni vijana waaminifu wanaohangaikia riziki, na mtandao kweli husumbua. Lakini kidole kikirudiwa, omba kuona ujumbe wa kukataliwa kwenye simu yake, na jioni ile piga *106#.

Namba ya NIDA yenyewe si siri na haiwezi kuwa siri. Ina tarakimu 20, nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Umeiacha steshenari uliponakili kitambulisho, gesti uliyolala, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Haibadilishwi kama kadi ya benki. Kwa hiyo usipoteze nguvu kutafuta ilivujia wapi. Nguvu iwekwe kwenye kuonyesha, kwa tarehe, kwamba kilichofanywa kwa jina hilo hukukifanya wewe.

Mpangilio ni muhimu hapa. Usikimbilie kuzifuta laini. Kwanza piga skrinshoti ya majibu ya *106#, na hakikisha umeangalia laini za mitandao yote, si wa kwako tu.  Ukiwa na hizo picha nenda polisi, ufunguliwe RB ya pili, tofauti na ya benki: mtu kutumia utambulisho wako kwa njia ya mtandao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 15, inalitambua kosa hilo. Siku hiyo hiyo nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako. Waombe waandike tarehe laini zilipowashwa na wakala aliyezisajili, kwa maana kila usajili una alama ya aliyeufanya. Huenda wakasema taarifa hiyo wanampa polisi tu. Sawa, basi waandike kwamba umeiomba, na mpelelezi ataifuata. Hapo ndipo unawaambia wazifute. Ukizifuta kabla, wakala amepona. Ukiziacha, kesho zitatumika kumtapeli mtu mwingine na polisi watakuja kwako.

Sasa wale wa mkopo. Wakipiga tena, usibishane. Sema sentensi moja: "Sikukopa, nimeripoti polisi, RB namba kadhaa, nitumieni maelezo kwa maandishi," kisha kata simu. Halafu waandikie kwa njia yoyote yenye tarehe, hata WhatsApp: wakupe tarehe ya mkopo, mkataba, picha ya aliyejisajili kama walichukua, na zaidi ya yote namba ya simu iliyopokea pesa. Nina hakika karibu kabisa kwamba itakuwa mojawapo ya zile laini mbili. Weka karatasi hizo pamoja: pesa ilikwenda kwenye laini hii, laini hii ilisajiliwa kwa udanganyifu, RB hii hapa. Ongeza hati ya kiapo kutoka kwa wakili kwamba hukukopa. Mkopeshaji mwenye leseni akiona faili kama hilo hufuta deni, kwa sababu kosa la kumhakiki mteja ni lake.

Nimesema mwenye leseni. Wengi hawana. Novemba 2024 BoT ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila idhini. Mkopeshaji wa halali wa aina hii anatakiwa awe na leseni ya huduma ndogo za fedha daraja la pili. Muulize namba yake. Akianza kutukana au kutishia kuwatumia meseji mwalimu mkuu na wazazi wa wanafunzi, umeshapata jibu: ni kausha damu wa kawaida, mkopeshaji wa kukamua watu, aliyevaa nguo ya simu. Hifadhi kila meseji ya tisho, pamoja na zile watakazowatumia ndugu zako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na lalamiko la kuanika jina lako kwa watu linapelekwa huko. Namba zao za utapeli zitume pia kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano.

Baada ya hapo, omba taarifa yako ya mikopo kutoka kampuni za taarifa za wakopaji, kama Creditinfo Tanzania. Walimu mnakopa kwa mshahara, na sitaki siku unakwenda kuomba mkopo wa kupaua nyumba ndipo ukutane na deni la mtu mwingine. Ukiliona, lipinge kwa barua, na karatasi zako zote zikiwa nyuma yake.

Nina hofu moja zaidi kuhusu wewe. Watu waliokwisha kuibiwa hutafutwa na kundi la pili. Atakupigia mtu mwenye sauti ya ofisini, anajua jina lako, anajua 1,600,000, anasema anatoka "kitengo cha marejesho" cha benki au BoT. Pesa yako imeshapatikana, anachohitaji ni ile namba iliyokuja kwenye meseji sasa hivi ili aiingize. Utatamani sana iwe kweli. Hakuna benki inayorudisha pesa kwa kuomba namba ya siri au namba ya uthibitisho. Kata simu, nenda tawini. Na siku ukiona simu yako imepoteza mtandao ghafla wakati za wenzako zinafanya kazi, chukua simu ya mtu hapo hapo upige huduma kwa wateja: huenda laini yako imehamishiwa kwenye kadi nyingine ya simu, na mwenye hiyo ndiye atakayepokea meseji za benki.

Kadi mpya utakayopewa, ifungie manunuzi ya mtandaoni kama hununui huko, na omba kikomo cha kutoa kwa siku kishushwe hadi kiasi unachokitumia kweli. Mshahara ukiingia, sehemu kubwa ihamishie akaunti isiyo na kadi kabisa. Mimi nafanya hivyo mwenyewe. Kwenye mashine, mkono mmoja ubonyeze na mwingine ufunike, kila mara, hata ukiwa peke yako. Kamera ya tundu la sindano haikohoi nyuma yako.

Benki wakikujibu, niandikie uniambie neno moja tu kwanza: chipu au ukanda. Nikilijua hilo nitakusaidia kuandika barua inayofuata.